Ati Ni Jina Tu

Wako watu wanaodhani kuwa jina ni kitu chepesi. Husema kuwa maji hukata kiu kwa jina lolote yatakaloitwa, na moto huunguza kidole cha anayelijua jina lake sawasawa na kidole cha asiyelijua. Neno hili ni kweli kwa maji na kwa moto, maana vitu hivyo vilikuwako kabla ya majina yao. Lakini ziko nchi ambazo majina ndiyo yaliyotangulia. Nchi hizo hazina mchanga wa kushikwa mkononi wala mto wa kuogwa. Milima yao ni maneno, wafalme wao ni maneno, na mpaka uliopo baina yao na nchi nyingine ni maneno pia. Katika nchi za namna hiyo jina halikubandikwa juu ya kitu; jina ndicho kitu. Atakayeling'oa hatapata kitu kisicho na jina, bali atapata shimo.

Ugomvi unaostahili kuamuliwa hapa ni wa watu wanaoingia katika nchi hizo kwa ajili ya kucheza. Katika nusu karne iliyopita hadithi nyingi mashuhuri zimegeuzwa kuwa michezo, kwanza mezani kwa karatasi, penseli na dadu, kisha katika kompyuta na intaneti. Wachezaji hukusanyika makundi makundi, na kila kundi, kama ilivyo kwa watu wote wafanyao kazi moja, hujifanyia lugha yake. Lugha hiyo haikutoka katika hadithi inayochezwa. Imetoka katika michezo iliyotangulia, ikahama na wachezaji kutoka mchezo huu hadi mchezo ule kama mzigo wa msafiri. Matokeo yake ni kuwa katika nchi ya panga na pinde, ambako habari hupelekwa kwa farasi na wazee hukumbuka enzi zilizopita, huvuma maneno ambayo hakuna hata mwenyeji mmoja wa nchi ile angeyafahamu. Walinzi wa mapokeo ya hadithi wakilalamika, hujibiwa kwa maneno matatu: ni jina tu. Jawabu hilo ni fupi, ni jepesi, na si kweli.

Mfano unaofaa kuliko yote ni ulimwengu wa Middle-earth uliobuniwa na J. R. R. Tolkien, aliyekuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Oxford tangu mwaka 1925 hadi alipostaafu mwaka 1959. Kazi yake ilikuwa kufundisha Kiingereza cha kale na maandiko yake. Tolkien hakuanza na hadithi kisha akaitafutia majina. Alianza na lugha alizozibuni mwenyewe tangu ujana wake, lugha zenye sarufi, mabadiliko ya sauti na ukoo wa maneno. Ndipo akatafuta watu wa kuzisema lugha hizo, nchi ya kuwaweka watu hao, na historia ya kuieleza nchi hiyo. Kitabu chake kikubwa, The Lord of the Rings, kilitoka kwa juzuu tatu katika miaka ya 1954 na 1955. Wachapaji waliposahihisha, bila ya kumwuliza, tahajia aliyoichagua kwa wingi wa jina la watu wafupi wa milimani, alidai herufi zake zirudishwe. Mwaka 1956, alipopata habari kuwa mfasiri wa Kiholanzi anakusudia kuyabadili majina ya mahali, aliwaandikia wachapishaji barua ya kukataa. Tafsiri ya Kiswidi ilipofuata, hasira yake haikuwa ndogo. Mwishowe aliandika mwongozo wa majina kwa ajili ya wafasiri, nao ulichapishwa mwaka 1975, miaka miwili baada ya kufa kwake.

Mwongozo huo ni ushahidi mzito katika kesi hii, kwa kuwa hausemi kila jina liachwe kama lilivyo. Huyapambanua majina mafungu mawili. Yako majina ambayo maana yake iko wazi kwa msomaji wa Kiingereza, nayo yafasiriwe kwa maana, ili msomaji wa lugha nyingine asikie kile ambacho Mwingereza anasikia. Na yako majina yaliyo mageni hata kwa Mwingereza, nayo yasiguswe. Hii si kauli ya mwabudu herufi. Ni kauli ya mtu anayejua kuwa kila jina lina kazi, na anayetaka kazi hiyo iendelee hata vazi la jina likibadilika. Anayesema ni jina tu huwa hakuuliza kazi ya jina kabla ya kulifukuza.

Sasa na itazamwe njia iliyoleta maneno ya wachezaji. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons. Katika mchezo huo vilionekana viumbe kadhaa vilivyochukuliwa waziwazi kutoka kwa Tolkien: watu wadogo waitwao hobbit, miti itembeayo iitwayo ent, na jini la moto liitwalo balrog. Wenye haki za kazi ya Tolkien walipinga, na kabla ya miaka ya 1970 kwisha majina hayo yaliondolewa, yakawekwa mengine: halfling, treant na balor. Watu wengi huisimulia habari hii kama dhuluma ya wanasheria juu ya wachezaji. Huenda sheria ilikuwa kali. Lakini matunda yake yalikuwa mema. Kiumbe kilichokuwa mgeni wa kuazima kikapata jina lake, na kwa kuwa kilipata jina lake, polepole kikapata tabia yake. Halfling wa leo si hobbit tena, wala hadai kuwa yeye. Nyumba mbili zilitenganishwa kwa ukuta, na majirani wakaacha kugombana. Hapo jina halikuwa jina tu. Lilikuwa hati ya kiwanja.

Mwaka 1978 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Roy Trubshaw na Richard Bartle, walianza mchezo wa kompyuta ambao watu wengi waliweza kuucheza kwa pamoja. Katika mchezo huo kila kiumbe kilichoweza kujongea pasipo kuongozwa na mchezaji kilipewa jina moja, kifupi cha neno la Kiingereza lenye maana ya kitu kinachojongea. Kwa mtengenezaji wa programu jina hilo lilikuwa sahihi kabisa. Mtengenezaji huona hesabu, na katika hesabu mbwamwitu, jambazi na mzimu wa mfalme ni mamoja: vinajongea, vinapiga, vinakufa. Neno likatoka karakana likaenda sokoni, likaenea katika michezo yote iliyofuata. Leo mchezaji aingiapo Middle-earth hulitumia kwa dubu mwenye njaa, kwa orc aliyeharibiwa na bwana wake, na kwa wafu waliovunja kiapo wasipate kupumzika makaburini. Lakini katika hadithi tofauti ya hao watatu ndiyo hadithi yenyewe. Dubu hana hatia, orc ni swali zito lililomsumbua mwandishi, na wafu wale wana deni la kulipa. Neno moja limefagia mnyama, mhanga na mdeni katika rundo moja, nalo rundo limeandikwa juu yake: vya kuuawa.

Haki itendeke kwa wale walioutengeneza mchezo wa The Lord of the Rings Online, uliofunguliwa mwaka 2007. Watu hao waliliona tatizo mapema, wakajitahidi. Katika michezo ya namna hii ni desturi mchezaji kuwa na kipimo cha uhai. Kikiisha hufa, na baada ya kitambo kidogo hufufuka akaendelea. Katika Middle-earth jambo hilo ni muhali. Kufa kwa wanadamu ndiko kunakowatenga na watu wa jamii ya Elf wasiozeeka. Anayerudi kutoka mautini ni wa nadra, na kurudi kwake hutikisa dunia. Watengenezaji hawakusema ni jina tu. Walikiondoa kipimo cha uhai wakaweka kipimo cha ari. Shujaa akipigwa hapungukiwi na damu, hupungukiwa na moyo. Ari ikiisha hashuki kaburini, bali hushindwa akarudi nyuma kupumua. Na kwa kuwa ari haitibiwi kwa dawa, aliyepewa kazi ya kuirudisha ni mwimbaji, ambaye huwatia wenzake nguvu kwa nyimbo. Hesabu ya mchezo ni ileile, hata tarakimu moja haikubadilika kwa sababu hiyo; lakini jina limeipatanisha na nchi yake. Katika hadithi ile wimbo una nguvu ya kweli na kukata tamaa ni silaha kubwa ya adui. Aliyechagua neno ari alikuwa amesoma kitabu.

Wakaja wachezaji. Mwimbaji wakamwita mganga. Ari wakaiita uhai. Kurudi nyuma wakakuita kufa. Na mlinzi asimamaye mbele na ngao yake, akayapokea mapigo ili wenzake wasalimike, wakamwita kwa jina la Kiingereza la tangi.

Neno hili la mwisho lastahili kusimamishwa kizimbani peke yake. Waingereza walipotengeneza gari la chuma la vita walitaka kulificha kwa adui, wakaeneza habari kuwa wanaunda matangi ya maji. Uongo ule ukashika, na gari likabaki na jina la tangi hadi leo. Lilitumiwa vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, katika mapigano ya Somme huko Ufaransa. Katika mapigano hayohayo alikuwamo afisa kijana aliyeshughulikia mawasiliano ya kikosi chake, na jina lake ni Tolkien. Aliugua homa ya mahandaki, akarudishwa Uingereza mwezi wa Novemba. Kabla ya mwaka kwisha, wawili kati ya rafiki zake wa karibu wa shule walikuwa wamekufa vitani. Akiwa anauguza mwili na huzuni alianza kuandika habari za kuanguka kwa mji wa Gondolin. Na katika habari hizo adui huuingia mji kwa msaada wa majoka ya chuma, mengine yakiwa yamebeba askari matumboni mwao. Wasomaji wengi wameona ndani ya majoka hayo kivuli cha magari ya Somme.

Hapa ndipo hoja ya jina tu inapovunjika mguu. Mwandishi aliijua mashine ile. Aliishi katika vita iliyoizaa. Alipotaka kuiingiza katika ulimwengu wake hakuiingiza kwa jina la karakana. Aliuliza: kitu hiki, katika nchi yangu, ni nini? Nchi ikajibu: ni joka. Wala hakuwa peke yake katika hekima hiyo. Wasemaji wa Kiswahili nao walipoiona mashine hiyo hawakuridhika na tangi, ambalo kwao ni chombo cha kutilia maji. Waliutazama uzito wake, ngozi yake isiyopenya risasi, na jinsi inavyokwenda moja kwa moja bila ya kujali kilicho mbele, wakaiita kifaru. Hakuna kamati iliyokosa usingizi kwa jina hilo. Lilitoka porini likaingia kambini, na mtoto alisikiapo kwa mara ya kwanza huona kitu kabla ya kuelezwa. Jina la Kiingereza lilizaliwa kwa kuficha. Jina la Kiswahili lilizaliwa kwa kuonyesha. Basi mchezaji anayemwita mlinzi wa Middle-earth tangi amelichukua neno la hila, kutoka katika vita iliyomwibia mwandishi rafiki zake, akalitundika shingoni mwa shujaa aliyebuniwa na mwandishi huyohuyo. Na mchezo wenyewe ulikuwa umekwisha kumpa jina zuri: Mlinzi.

Wachezaji wana utetezi, na utetezi wao usidharauliwe. Husema kuwa katika pigano la watu kumi na wawili hakuna nafasi ya fasaha. Neno lazima liwe fupi, lazima wote walijue, na aliyetoka mchezo mwingine jana lazima alielewe leo. Hili ni kweli. Kila kazi ina lugha yake ya haraka, na kila mchezo pia. Wachezaji wa bao husema kete, nyumba, kichwa, mtaji, kutakata na kulala, na mgeni akisikia kuwa mtu amelala ilhali yuko macho mbele yake hushangaa. Lakini tazama tofauti. Bao halina hadithi nje ya ubao. Maneno yake ni ya nyumbani kwake. Yalizaliwa pale, yanafanya kazi pale, wala hayamsukumi mwenyeji yeyote. Lau wacheza bao wangeacha kusema nyumba na kete, wakasema goli na penalti kwa sababu maneno hayo yanajulikana na watu wengi zaidi, bao lingechezeka bado, na kila mzee barazani angejua kuwa kuna kitu kimekufa. Ufupi nao si hoja. Mlinzi si neno refu kuliko la mwenziwe kiasi cha kumfanya mtu auawe akilitamka. Kinachotetewa kwa jina la haraka, mara nyingi, ni uvivu.

Lakini lawama isiwaangukie wachezaji pekee. Watengenezaji walewale waliosifiwa kwa neno ari walikosea mahali pengine, na kosa lao ni la hila zaidi. Kundi la watu hadi sita wanaoungana kwa kazi fulani walilipa jina lilelile la usuhuba ambalo kitabu kinawapa wasafiri tisa waliotumwa dhidi ya wapanda farasi tisa. Na chama cha kudumu cha wachezaji walikiita kwa neno lenye maana ya udugu. Masikio yakisikia majina hayo hufurahi, maana yametoka katika hadithi yenyewe. Akili ikiyapima hushtuka. Usuhuba wa kitabuni haukufungwa kwa kiapo. Kila mmoja alikwenda kwa hiari mpaka pale moyo wake utakapomfikisha. Mmoja wao alianguka katika shimo akiwazuilia wenzake adui. Mwingine alishindwa na tamaa, akajaribu kunyang'anya, kisha akafa akiwatetea walio dhaifu, na kifo chake kikawa toba yake. Neno lililobeba mambo hayo sasa huitwa kila jioni juu ya watu sita wasiojuana, wanaokutana kwa robo saa, wakaua jitu, wakagawana ngawira na kutawanyika bila ya kwaheri.

Na udugu je? Katika chama cha wachezaji mtu huweza kufukuzwa kwa kuchelewa kufika, kwa kutoelewana na kiongozi, au kwa kukaa mwezi mzima bila ya kucheza. Husemwa basi kuwa ametolewa katika udugu. Mtu yeyote aliyelelewa katika lugha ya Kiswahili atajua mara moja kuwa sentensi hiyo haina maana. Mtu hutolewa katika chama. Hatolewi katika udugu. Ndugu huweza kukasirikiwa, kusemwa, hata kususiwa mazishini, naye akabaki ndugu, maana udugu haukuanza kwa hiari ya mtu wala hauishi kwa hiari yake. Mahobbit wa Tolkien, ambao hukariri nasaba zao kwa vizazi na vizazi kwa furaha isiyochoka, wangekubaliana na wazee wa Pwani katika jambo hili. Chama ni kitu chema, na kina jina lake. Kwa nini kivikwe joho la damu?

Kosa la namna hiyohiyo lilirudiwa mwaka 2008, mchezo ulipopanuliwa hadi mapango ya Moria. Ililetwa kazi mpya ya shujaa anayetumia maandishi ya kale yaliyochongwa katika mawe kuwapiga adui kwa moto, baridi na radi. Jina la kazi hiyo, lenye maana ya mtunza maandishi hayo, lina harufu ya Middle-earth kabisa. Lakini katika kitabu nguvu za namna ile ni za wachache mno, nao huzitumia kwa kujizuia; na mchezo ulizitoa kwa kila mwenye kutaka. Hapo mapokeo hayakupigwa na jina la kigeni. Yalipigwa na jina la kienyeji lililofunika kitu cha kigeni. Msomaji na aikumbuke tofauti hiyo, kwa kuwa hatari ya pili ni kubwa kuliko ya kwanza. Mgeni aliyevaa nguo zake hutambulikana mlangoni. Mgeni aliyevaa kanzu ya mwenye nyumba hufika hadi chumbani.

Atatokea mwenye kuuliza: je, Tolkien mwenyewe hakukopa? Alikopa, tena sana. Neno orc lina asili katika Kiingereza cha kale, na chimbuko lake laonekana katika utenzi wa Beowulf. Majina ya watu wafupi katika kitabu chake cha mwaka 1937, The Hobbit, pamoja na jina la mzee Gandalf, yametoka katika shairi la kale la Kinosi. Mwulizaji hufikiri kuwa kwa swali hili amemaliza kesi: kama mwenye nyumba alikopa, mgeni naye na akope. Lakini kukopa si tendo la namna moja. Mwandishi alilikopa jina, akalipa nasaba, akalipa makao, akaliwekea sababu ya kuwapo hata katika nchi ambayo Kinosi hakikusemwa kamwe. Kiswahili chenyewe kimefanya hivyo kwa karne nyingi kwa maneno ya Kiarabu, Kihindi, Kireno na Kiingereza. Neno liliingia likiwa geni, likapewa irabu ya mwisho, likapangiwa ngeli, likakubali viambishi, na leo hakuna amtazamaye meza wala shule kama mgeni. Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hakuna anayeyafukuza maneno ya wachezaji kwa kuwa ni mageni. Yanalaumiwa kwa kuwa yamekaa miaka mingi, yanakula, na hayajashika jembe.

Liko pia kundi la upande wa pili ambalo nalo halina budi kuambiwa kweli. Ni wale walinzi wa mapokeo ambao wameyageuza mapokeo kuwa fimbo. Mchezaji mpya akikosea jina la baba wa mfalme wa enzi ya pili, humcheka mbele ya wote. Akisema mganga badala ya mwimbaji, humfukuza kana kwamba amenajisi msikiti. Watu hao hudai kulinda hadithi, lakini hadithi yenyewe imewashuhudia kinyume. Kwa kuwa ni hadithi ambamo wadogo wasiojua lolote la dunia kubwa walipokewa na wenye elimu, wakafundishwa, wakastahiwa, na mwishowe wakafanya yale ambayo wenye elimu hawakuyaweza. Anayelinda majina kwa kuwadhalilisha watu ameyahifadhi maganda akaitupa kokwa.

Kati ya uvivu wa hao na kiburi cha hawa iko njia, na wachezaji wenye adabu waliigundua wenyewe pasipo kuamriwa. Katika makundi yanayopenda kuigiza hadithi, mtu anapotaka kusema jambo la nje ya nchi ile, kwamba simu inalia au chakula kimeiva, huliandika ndani ya mabano mawili. Hiyo ni adabu nzuri ajabu. Ni kama kupiga hodi wakati wa kutoka. Mabano yale hukiri kuwa ziko nchi mbili, kila moja ina lugha yake, na mpaka wake waheshimiwa. Lugha ya kazi na itumike palipo na kazi. Lugha ya hadithi na iachiwe nchi yake. Na pale ambapo kazi na hadithi zimekutana kiasi kwamba mabano hayatoshi, kama katikati ya vita, kundi lifanye walivyofanya waliosema kifaru: litafute ndani ya nchi yenyewe jina linaloonyesha.

Msomaji wa Kiswahili asidhani kuwa haya ni mambo ya Oxford na Marekani yasiyomhusu. Fasihi yake nayo ina nchi zilizojengwa kwa majina. Mwaka 1951 Shaaban Robert aliipa nchi ya Kusadikika, nchi iliyo angani, ambamo Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kutaka watu wajue sheria. Katika utetezi wake Karama anasimulia habari za wajumbe waliotumwa pande mbalimbali, wakavumilia taabu, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi yao, na ujira wao ukawa gereza. Siku moja vijana wenye ujuzi wa kompyuta wataigeuza Kusadikika kuwa mchezo, na itakuwa heri wakifanya hivyo. Lakini lugha ya makundi itakuwa inawangojea mlangoni. Itawaambia wauite ujumbe misheni. Itawaambia waweke alama ing'aayo juu ya kichwa cha anayetuma, na mwisho wa safari mjumbe apewe dhahabu, upanga bora na kupandishwa daraja. Kila mchezaji ataona ni sawa, maana michezo yote iko hivyo. Nayo Kusadikika itakuwa imebomolewa bila ya kupigwa hata jiwe moja. Kwa kuwa nchi ambayo mjumbe hulipwa haki yake si Kusadikika. Uchungu wote wa kitabu kile umelala katika neno mjumbe na katika kile kilichompata. Badili neno, ujira utabadilika. Badili ujira, hukumu ya mwandishi juu ya watawala wadhalimu itageuka kuwa tangazo la zawadi.

Basi wanafunzi watakaojenga michezo hiyo, na wataalamu watakaowafundisha, wana kazi iliyo nyepesi kueleza na nzito kutenda. Kabla ya kukiita kitu, na wakiulize nchi yake. Wakiambiwa kuwa ni jina tu, na wamwombe msemaji awaruhusu kumbadilishia jina lake mwenyewe, alilopewa na wazazi wake, kwa kuwa nalo ni jina tu. Hatakubali. Atasema jina lile lina babu ndani yake, lina siku aliyozaliwa, na lina sauti ya mama yake akimwita jioni. Atakuwa amesema kweli, na kesi itakuwa imekwisha.